Mpiga Ngoma wa Mtume

Mambo yaliharibika Jumapili ya Matawi, Dorka alipobanwa na kifua katikati ya ibada. Mumewe Elifasi, mpiga ngoma wa kundi, alisikia moyo ukimwambia ampeleke hospitali, akaiacha ngoma ili amwinue.

"Sindano ni za wasioamini!" alinguruma Mtume, kiongozi wao, yeye aliyeng'olewa jino hospitali hiyohiyo. "Piga ngoma, Baba Penina! Mashaka ni shetani huyo, anabisha hodi!"

Dorka akamnyooshea mumewe mkono, midomo ikisema kitu. Elifasi akazidi kupiga, mpaka sauti ya mkewe ikamezwa kabisa.

Siku ya maziko ya Dorka, Mtume alimtolea Elifasi jicho tu, mikono yake ikaanza kupiga ngoma yenyewe. Bintiye Penina akamwinamia sikioni.

"Baba, mama alikuwa anakwambia nini?"