Doa la Upande Mmoja

"Mama, hii si yangu."

Mama aligeuka kutoka kwenye beseni, mikono imejaa povu. Bintiye, aliyejifungua majuzi, siku hiyo alitoka kwa mara ya kwanza kumsaidia kuanika. Alikuwa ameinua sidiria nyeupe. Upande wake wa kushoto ulikuwa na doa la rangi ya kutu, dogo kama kifungo cha shati.

"Maziwa yako hayo. Nyumba nzima siku hizi inanuka maziwa."

Mama alicheka peke yake.

"Maziwa hayana rangi hii. Na mimi sivai saizi hii, mama."

Mama alinyoosha mkono aichukue, mwingine ukipapasa sabuni. Binti aliificha mgongoni.

"Tangu lini?"

Ndani, mtoto alianza kulia. Hakuna aliyekwenda.

"Titi haliumi," mama alisema, akiangalia povu likipasuka viganjani. "Nikasema ujifungue kwanza."

Binti aliikunja sidiria vilevile mbichi, doa likiwa juu, akaitia kwenye mfuko wa nepi.

"Kesho ni kliniki ya mtoto, siyo yangu," mama alisema.

"Utaanza wewe," binti alisema. "Mtoto naye atasubiri."