Mlango Mpana wa Fisi

Usiku wa manane Mama Pimbi alisikia kucha zikikwaruza mwamba, akajua ni bintiye anarudi.

"Ulikuwa wapi wewe? Unataka uliwe, mimi nibaki na nani?"

"Nilikwenda kuupima ule mlango mpana wa mfano, ambao Fisi ameahidi kuuwekea kila nyumba tukimchagua. Mama, nimekuta manyoya yake ndani. Ameshaujaribu, unamtosha."

Mama alishusha sauti, maana kutwa nzima alikuwa akimshangilia Fisi kwa sababu majirani walimshangilia.

"Umemwambia nani?"

"Sikumweleza mtu. Niliwaambia tu vijana wenzangu waende wakajionee wenyewe."

"Vijana gani?"

"Wote."

"Mungu wangu, tumekwisha! Niahidi, mwanangu, usimwambie mwingine."

Nje kucha zilikwaruza tena, sasa nyingi, za vijana wakirudi makwao.

"Nakuahidi, mama. Simwambii mwingine. Hakuna aliyebaki."