Jozi ya Kumi na Tatu

Kiatu cha kushoto kilikuwa kimechanika ubavuni na soli yake imeachama. Cha kulia, mwenzake wa jozi ileile, kilikuwa bado na kibandiko cha dukani.

Fundi viatu akafungua jozi nyingine. Hapa cha kulia ndicho kilichochakaa, na cha kushoto ndicho kilichong'aa. Akalimwaga gunia zima sakafuni. Jozi kumi na mbili za viatu vya kuchezea mpira, vimefungwa kamba viwili viwili, na kila jozi ina mgonjwa mmoja na mzima mmoja.

"Hivi vizima umeniletea vya nini?" aliuliza.

"Wenyewe hawataki vitenganishwe," alijibu Radi.

Ndiyo, Radi mwenyewe, yule ambaye mashuti yake yalikuwa yakiwatoa watu vitini nchi nzima. Alikuwa ameshastaafu, tumbo limeanza kuchungulia, na sasa alikuwa akiwafundisha watoto mpira bure kwenye kiwanja cha kile kiwanda cha sabuni kilichofungwa. Kiwanja chenyewe kilikuwa na ukuta mrefu, na geti lilifungwa kila siku ya mazoezi. Mtaani hakuna aliyewahi kuona hata pasi moja.

"Mbona mnajifungia?"

"Watoto hawapendi kutazamwa."

Fundi akaguna. Miaka thelathini alikuwa ameshika nyundo, na alijua kwamba viatu huzeeka pamoja. Hivi havikuchezewa. Mtu alikuwa amekaa mahali na tupa, akakwaruza kimoja kimoja ili vionekane vimechezewa kwenye picha za kuwaonyesha wafadhili, na uvivu ukamshika kabla hajafika cha pili. Huyu alikuwa tapeli, tena mwenye jina kubwa.

Wakati anaondoka, Radi alisimama mbele ya rafu. Pale palikuwa na kiatu kimoja cha ngozi laini, cha kushoto, cha kike, kinangoja kung'arishwa.

"Cha nani hiki?"

"Cha binti yangu."

"Ana miaka mingapi?"

"Hakiuzwi," alisema fundi, akakigeuzia ukutani.

Nyuma ya pazia cherehani ilinyamaza kidogo, kisha ikaendelea. Binti yake alikuwa huko, na alikuwa na miaka kumi na mitatu. Tangu ile ajali ya basi iliyomchukua mama yake, hakuwa amevuka kizingiti cha mlango wa mbele. Fundi alimpelekea kila kitu mkononi, chai, maji, uzi, hata gazeti. Alimpenda mpaka akaogopa, na aliogopa mpaka akamfungia. Binti akiomba kutoka, alimjibu jambo lilelile kila siku: watu wana macho, na macho yao hayana adabu.

Kwa hiyo mtu mzima anayeulizia umri wa binti ya mwenzake alimkosesha usingizi.

"Yule mtu ana jambo," alimwambia kinyozi wa jirani.

"Yule mtu ametuletea kombe," alijibu kinyozi. Picha ya Radi ilikuwa juu ya kioo chake, kubwa kuliko ya mkewe. "Wewe hata mpira hujui. Mara ya mwisho ulishangilia kona ukidhani ni goli."

Alhamisi Radi alirudi kuchukua gunia lake. Akaweka boksi juu ya meza ya kazi.

"Jozi hii haina tatizo. Iache tu hapa."

Fundi akalifungua. Viatu vya mpira, vipya, vya msichana. Akageuza soli, akasoma namba. Ilikuwa namba ya binti yake hasa.

"Binti yangu hachezi mpira."

"Umemuuliza?"

"Toka dukani kwangu! Na ukimsogelea mwanangu, kombe lako halitakusaidia!"

Radi alibeba gunia lake akaenda zake, kichwa chini kama aliyekosa penalti. Fundi alilisukuma boksi chini ya meza. Angelirudisha Jumatatu, mbele ya mashahidi. Nyuma ya pazia cherehani ilikuwa kimya kabisa.

Jumamosi alasiri fundi alikwenda kununua gundi. Hakukawia. Aliporudi aliita, hakuitikiwa. Pazia lilikuwa wazi na kiti cha cherehani kitupu. Boksi lilikuwa katikati ya sakafu, bila kifuniko, na ndani yake kiatu kimoja tu, cha kulia.

Alinyakua nyundo kwa mkono mmoja na kile kiatu kwa mwingine, akatoka mbio.

"Umemwona binti yangu?"

Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni na mdomo wazi, mteja wake kanyolewa nusu kichwa. Alinyoosha kitana kuelekea kiwandani.

Fundi alikimbia kama ambavyo hakuwa amekimbia tangu ujana, akimlaani Radi kila hatua, akijilaani mwenyewe kwa kwenda kununua gundi. Ndani ya ukuta filimbi ililia. Watoto wakapiga kelele, na katikati ya zile kelele aliisikia sauti aliyoifahamu kuliko zote. Alilisukuma geti kwa bega, nyundo juu.

Nyundo ilibaki hewani. Mbele yake magongo ya kutembelea ishirini na sita yalikuwa yakitimua vumbi, na viatu vya mpira kumi na vitatu. Mwenye kile cha kumi na tatu, kipya, cha kushoto, aliegemea magongo yake, akaupiga mpira ukamwacha kipa amelala, kisha akageuka na kumwona aliye getini.

"Hicho usikirudishe, Baba!" alipaza sauti. "Vyote viwili ni vyangu!"