Ndege Iliyo Kimya Zaidi

Namba kwenye kipimo cha sauti haikucheza. Ilikuwa sabini na mbili, ikabaki sabini na mbili, na fundi sauti, aliyeketi nyuma ya marubani, akadhani kule nyuma bado hawajaanza. Walikubaliana kwamba ndege ikishatulia angani mtu apige kelele kwenye kabini, yeye asikilize huku mbele. Miaka yote alipima hivyo, kwa koo la binadamu, maana spika hazikuwahi kumridhisha.

Alipofungua mlango wa kati kwenda kuuliza, alimkuta dada yake mdogo amepiga magoti kwenye zulia, mdomo umepasuka, mkono umesokotwa mgongoni. Aliyemshika alikuwa mumewe.

"Umesikia, shemeji?"

"Sijasikia kitu."

"Nimemwambia apige kelele, ananililia kama paka. Ikabidi nimsaidie." Akamwachia mkewe, akajifuta vidole kwa leso, akakilaza nyuma kiti kipana cha ngozi. "Kiti kizuri hiki."

Mjini shemeji huyo aliitwa Nyundo, na jina hakulipata kwa useremala.

Alikuwa anabadilisha ndege kwa sababu ya aibu ya mwezi uliopita. Kwenye ile ya zamani alimburuta mkewe kwa nywele mpaka mlango wa choo, akamkaba koo. Marubani wakasikia, mmoja akaja kumbandua mikono. Dada akapona. Rubani akafukuzwa kazi, na wiki hiyohiyo akavunjwa miguu yote miwili na watu ambao hakuna aliyewaona. Kutoroka, dada alishatoroka mara mbili, na mara zote mkuu wa polisi mwenyewe alimrudisha kwa gari lake.

Ndege za ukubwa wa kati zilizobaki kwenye mchujo zilikuwa mbili. Ya mstari mwekundu waliijaribu juzi. Ilipanda upesi na iliridhika na njia fupi ya kurukia, lakini viti vilibana magoti, na dada alipopiga kelele namba iliruka hadi themanini na moja, rubani akavua visikilizio akageuka. Hii ya mstari wa buluu ilikuwa nzito kupanda, ila mtu alisimama wima ndani yake, na mlango wa kati ulikuwa mnene, umejazwa sufi. Nyundo alikaa nyuma safari zote mbili. Nani alisikia nini huko mbele, alimtegemea fundi na karatasi yake.

Walipotua, muuzaji wa ndege aliingia kabini akainama kumsaidia dada kuinuka, mkono mmoja ameegemea meza ya kukunja. Nyundo akaifunga meza juu ya vidole vyake. "Nilikuuliza inafika umbali gani bila kuongeza mafuta," alisema, na muuzaji akajibu swali huku machozi yanamtoka.

Kesho yake mchana, jikoni kwa dada, fundi alitandaza ripoti mezani.

"Naandika ya mstari mwekundu ndiyo kimya," alisema kwa sauti ya chini. "Nabadilisha namba tu. Nitasema jana sikio langu halikusikia, ila kipimo kilisikia. Akikugusa, watasikia."

"Na akijua?"

"Atanivunja mimi. Si neno."

Dada aliusogeza mfuko wa barafu mdomoni. "Ile ya buluu, kweli hawakusikia chochote?"

"Hata mnong'ono."

"Zulia lake lilikuwa jeusi, au nimeona vibaya?"

Fundi alimtazama kwa huruma. Kipigo kilikuwa kimemvuruga akili, maskini. "Jeusi," alimjibu, kama anavyojibiwa mgonjwa.

"Andika ukweli, kaka."

"Atakuulia humo."

"Andika ukweli. Mimi nimechoka."

Neno hilo alilijua. Mama yao alilisema wiki aliyoacha kumeza dawa. Fundi alilia palepale mezani, mtu mzima na ndevu zake, kisha akaandika ukweli kwa sababu hakuwa na nguvu ya kumlazimisha mtu kuishi.

Nyundo akanunua ya buluu. Safari ya kwanza, akatangaza, itakuwa ya kuzunguka tu angani kwa saa mbili, yeye na mke wake, kuna mambo hawajamalizana. Marubani aliwakataza kugusa mlango wa kati mpaka ndege isimame chini. Fundi alimfuata hadi kwenye ngazi akimsihi amruhusu kwenda nao, akapigwa ngumi ya tumbo iliyomkunja.

"Kazi yako imekwisha, shemeji. Nenda nyumbani."

Hakwenda. Aliita gari la wagonjwa, akalisimamisha kando ya maegesho ya ndege, akakaa na shuka safi mapajani, la kumfunika dada yake. Saa mbili hizo alizihesabu dakika kwa dakika, akijilaani kwa kila namba aliyoiandika. Kama angedanganya kidogo tu, mtu angesikia.

Ndege ikatua, ikasogea, ikazima injini. Rubani akafungua mlango wa nje, uliokuwa upande wao wa mbele, akashuka, anatabasamu.

"Fundi, hongera, ulipima vizuri. Saa mbili nzima hatujasikia hata kikohozi."

Fundi akakaa chini kwenye lami. Wahudumu wawili wakampita mbio na machela.

Dada akatokea mlangoni peke yake. Mikono ya blauzi ilikuwa imelowa damu mpaka viwikoni, na usoni hakuwa na mkwaruzo mpya hata mmoja. Akashuka polepole, ngazi baada ya ngazi, mpaka alipofika kwa kaka yake.

"Waambie wasikimbie, kaka," alisema. "Shemeji yako hana haraka tena."