Gia Aliyoibakiza Fundi

Fundi alifungua gia mbili za mbele kwenye baiskeli ya mjukuu wangu Tumpe, akabakiza moja tu, iliyo ndogo kuliko zote.

Nikamshuku hapo hapo. Hapa Mwanjelwa chuma hakikosi mnunuzi.

"Hizo ulizotoa nipe nizipakate mwenyewe," nikamwambia.

Akazifunga kwanza kwenye kitambaa safi, grisi isichafue kanga yangu. Wema huo niliuona, lakini macho sikuyabandua mikononi mwake.

"Na mbona umebakiza ndogo, baba? Mjukuu wangu ana mbio. Vijana wote wa mtaani anawaacha."

"Kwa hii hatamwacha mtu, bibi. Hii ni ya kupandia mlima na mtu nyuma, na mnyororo hauchomoki."

"Kwa hiyo umemdanganya."

"Mimi nilimwambia abakize kubwa. Akakataa. Kasema mnyororo ulichomoka mkienda kliniki, mkaanguka."

Goti langu bado lilikuwa na bandeji.

Nikamgeukia Tumpe pale kando yetu. Alikuwa ameinama, anaujaza upepo mpira ambao tayari ulikuwa umejaa.