Pindo la Gauni Jekundu

Miaka yote Fundi Shebe alimkatia Mwanakheri gauni lililozidi vidole vitatu upande wa kushoto, ili mgongo wake uliopinda usilipandishe.

Leo, chaki ilipogusa kitambaa chekundu, Mwanakheri alimshika mkono. "Kata sawasawa, fundi. Pande zote."

"Litakupanda, dada."

"Halitapanda. Nakwenda kupasuliwa, mgongo unyooshwe."

Daktari alikuwa akilisubiri jibu hilo tangu mfungo, na sasa lilimtoka Mwanakheri mbele ya fundi cherehani! Moyo ulimdunda kama wa bibi harusi.

Fundi akaifuta chaki kwa kiganja. "Na urefu?"

"Nitaongezeka, ila daktari hajui kiasi gani."

Fundi akashona kila mahali isipokuwa pindo. "Hili nitalikunja utakaporudi, ukiwa umesimama hapa mbele yangu."