Shavu la Kushoto

Teke la tatu lilimng'oa Otiende jino, nalo likashuka na kunasa kwenye povu la sabuni lililokuwa bado kidevuni mwake. Shavu la kulia lilikuwa limenyolewa. La kushoto lilikuwa na ndevu zake zote, na povu lote lilikuwa limegeuka rangi ya yogati ya stroberi.

Soipan, mama yake Lemein, alifika wakati Kuntai akilivingirisha tairi la kumchomea. Soipan hakuwa na cheo chochote hapo Kisaju. Aliuza dawa za mifugo, na mtu anayekuponyea ng'ombe utamsikiliza hata ukiwa katika shughuli ya kuua.

"Kuntai, weka hilo tairi chini."

"Mama Lemein, rudi dukani. Huyu ameua mtu."

Mtu mwenyewe alikuwa Kitheka, dalali wa ng'ombe, aliyekutwa alfajiri nyuma ya zizi la soko akiwa amekatwa koo. Mkato ulikuwa mmoja, kutoka sikio hadi sikio, umenyooka kama uliopigiwa rula. Saa moja baadaye mgeni huyu, ambaye hakuna aliyemjua, alionekana kwenye mfereji wa nje wa nyumba ya wageni, fulana imejaa damu, wembe wa kukunja mkononi. Umati wa Kisaju ulikuwa na utaratibu wake: kwanza mateke, halafu maswali. Maswali yalikuwa bado hayajafikiwa.

"Ni damu yangu," Otiende alisema. "Hizi vitu nilinunua jana Kitengela. Wembe, brashi, bakuli, na sabuni yake. Maisha yangu yote nanyolewa na mashine. Niliona kwa simu vile inafanywa, nikasema wacha nijaribu. Nimejikata tu."

"Ukajikata mpaka Kitheka akafa?" mtu akauliza nyuma. Watu wakacheka kicheko kibaya, na jiwe likampata Otiende begani.

Soipan alilichungulia shavu la kulia. Lilikuwa limechanika mara nne au tano, lakini viatu vingi vilikuwa vimepita hapo. Nani angejua jeraha lipi ni la wembe na lipi ni la buti? Mwaka uliopita walimchoma kijana mahali hapa hapa kwa wizi wa ng'ombe, na jioni ng'ombe akarudi nyumbani mwenyewe, ameshiba. Hakuna aliyelizungumzia tena jambo hilo. Ila Soipan alikuwa na harufu yake puani hadi leo.

"Aliyemkata Kitheka ana mkono wa fundi," alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Mimi nimepasua ng'ombe miaka kumi na minane, na mkato kama ule siuwezi. Mpeni wembe wake. Anyoe upande uliobaki, mbele yetu. Kama mkono umezoea, tutauona. Tairi halitoroki."

"Atajikata makusudi," Kuntai alisema.

"Anayejikata makusudi hujikwaruza tu. Tutaona."

"Na ukikosea?"

"Nikikosea, damu ya Kitheka iko juu yangu."

Hakuna aliyetaka kukosa kesi ya namna hiyo. Simu ishirini zikainuliwa. Tairi likaegemezwa ukutani kwa heshima zote. Brashi iliokotwa matopeni, bakuli likanyooshwa kwa jiwe, na Otiende akapewa maji ya kunawa na dakika mbili za kutuliza mikono.

Alilipaka shavu povu kama mtu anayepaka ukuta chokaa. Kisha akaushika wembe kwa ngumi nzima, kama panga la kukatia ua. Mpito wa kwanza ulibandua ngozi ya juu ya shavu. Wa pili uliondoka na kipande cha ncha ya sikio, na mama mmoja akajifunika uso kwa leso. Wa tatu aliuanzia chini ya taya, makali yakielekea ndani, akasukuma. Damu iliruka ikatua kwenye shati la Kuntai.

Kuntai mwenyewe ndiye aliyemdaka mkono. "Wacha, bwana, wacha. Utajiua hapa, tushikwe sisi."

Kicheko kilichofuata kilikuwa cha kweli.

"Huyu hata kuku hawezi chinja," mtu akasema, na hiyo ndiyo ikawa hukumu. Kuntai aliupangusa wembe kwa shati lake, akaukunja, akamrudishia Otiende kwa mikono miwili. "Pole, bosi. Rudi kwa mashine." Kisha umati ukaondoka na tairi lake kumtafuta muuaji mwingine.

Soipan alimpandisha Otiende kwenye pikapu ili ampeleke hospitali Kitengela. Ndugu za Kitheka walikuwa wameanza kujaa barabarani, nao hawakuwa wameiona kesi, kwa hiyo akashika njia ya vumbi ya nyuma ya mashamba, njia yenye mashimo ya kumeza mbuzi. Hapakuwa na mtu wala nyumba. Soipan alimfikiria yule kijana wa mwaka uliopita. Safari hii alikuwa amewahi.

"Asante, mama," Otiende alisema. "Singekuwa hai."

"Shukuru Mungu. Lakini hizo ndevu zimebaki vibaya. Manesi watakukimbia."

"Hiyo ni kweli."

Pikapu iliruka shimo, ikatua, ikaruka lingine. Otiende alitema mate kiganjani, akalilainisha shavu la kushoto, akaufungua wembe kwa kidole gumba peke yake. Bila kioo, gari likimrusha huku na huku, aliupitisha mara nne kutoka sikioni hadi kidevuni, akizunguka kila jeraha alilojitia. Shavu likabaki laini kama la mtoto mchanga.

Halikutoa hata tone jipya la damu. Akaupangusa wembe kwenye goti la suruali, na hakuukunja.